Frederick McKay: Daktari aliyelisaka doa la kahawia kwa miaka 30

Kazi ya kung'arisha meno kwa daktari haichukui muda mrefu. Kwanza hukwanguliwa ukoga mgumu ulioganda kando ya fizi. Kisha daktari au msaidizi wake huchukua kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka, hukichovya kwenye rojo la unga laini wa mawe na kusugua jino moja baada ya jingine. Madoa ya chai, kahawa, sigara na tumbaku ya kutafuna huondoka. Mwisho meno hukaushwa na kupakwa floridi, ama kwa jeli inayowekwa kwenye kijaluba cha kung'ata, ama kwa vanishi inayopakwa kwa brashi ndogo, na mteja huambiwa asile wala kunywa kwa muda.

Wapo wateja wanaonyanyuka kwenye kiti hicho na doa lao likiwa palepale. Wengi wao wamezaliwa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa: Meru na Arusha upande wa Tanzania, Nakuru na vitongoji vyake upande wa Kenya, na kuendelea kaskazini hadi Ethiopia. Kahawia lao halikupakwa na chai. Limo ndani ya jino, lilijengwa pamoja na jino lenyewe wangali wadogo, na kung'arisha kwa kawaida hakuliondoi.

Kilicholeta doa hilo na dawa anayopaka daktari baada ya kung'arisha ni kitu kimoja. Tofauti ni kiasi, umri na njia kinavyoingia mwilini. Leo jambo hilo linafundishwa chuoni kwa siku moja. Kulijua kulichukua miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilibebwa na daktari mmoja wa meno wa Marekani aliyeitwa Frederick McKay.

McKay alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Massachusetts, mashariki mwa Marekani. Alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuhitimu mwaka 1900. Mwaka uliofuata alikwenda kufungua chumba chake cha tiba katika mji wa Colorado Springs, chini ya mlima Pikes Peak wenye urefu wa zaidi ya mita 4,300. Mji huo ulikuwa bado mchanga, lakini fedha ilikuwapo. Dhahabu ilikuwa imepatikana kwenye milima ya jirani miaka michache nyuma, na hewa yake kavu iliwavuta wagonjwa wa kifua kikuu kutoka kila pembe ya nchi. Kwa daktari kijana mwenye cheti kipya, palikuwa mahali pazuri pa kuanzia maisha.

Alipoanza kuwafungua watu vinywa alikuta jambo ambalo hakuwa amefundishwa. Wenyeji wengi walikuwa na meno yenye mabaka. Baadhi yalikuwa meupe kama karatasi, yasiyong'aa. Mengine yalikuwa ya manjano, na mengine ya kahawia iliyokolea hadi kufanana na rangi ya chokoleti. McKay alipekua vitabu vya taaluma yake na hakuona hata ukurasa mmoja unaolitaja. Wenyeji hawakushangaa. Walikuwa na jina lake tayari, doa la kahawia la Colorado, na sababu zao za mitaani hazikukosekana: kula sana nyama ya nguruwe, kunywa maziwa mabovu, au maji yenye chokaa nyingi. Kila nyumba ilikuwa na yake.

Hapo ndipo wengi wangeishia. Doa halikuwa likiua mtu, halikuwa likiuma, na daktari alilipwa kwa meno mabovu, hakulipwa kwa rangi yake. Madaktari wenzake wa mji huo walikuwa wamelizoea kama mtu anavyozoea vumbi la mtaa wake. McKay hakulizoea.

Alijua pia kwamba daktari wa mji mdogo wa milimani hawezi kusikilizwa peke yake. Akamwandikia mtu mkubwa kuliko wote katika fani hiyo wakati huo, Greene Vardiman Black, mkuu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern jijini Chicago. Black ndiye aliyepanga kanuni za kuziba meno ambazo madaktari duniani walizifuata kwa miongo mingi, na hakuna aliyeijua enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, kuliko yeye. Mwanzoni Black aliona ugumu kuamini kwamba kuna doa lililoenea kiasi hicho na bado halijaandikwa popote.

Ili kumshawishi, ilibidi watu wahesabiwe. Chama cha madaktari wa meno wa Colorado Springs kiliwakagua watoto wa shule za mji, na jibu liliwashtua hata waliokuwa wakiishi nalo: karibu 9 kati ya kila watoto 10 waliozaliwa mjini hapo walikuwa na doa. Mwaka 1909 Black alifunga safari hadi Colorado kuona kwa macho yake. Alipita mitaani akiwatazama watoto vinywani, na tangu siku hizo hadi alipofariki mwaka 1915, mzee huyo aliyekuwa amevuka umri wa miaka 70 alifanya kazi hiyo pamoja na McKay.

Katika miaka hiyo 6 waligundua mambo mawili ambayo ndiyo nguzo ya kila kilichofuata. La kwanza linahusu umri. Black alikata meno vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini, akaona kwamba kasoro haikuanzia juu ya jino. Enameli yenyewe ilikuwa imejengwa vibaya tangu mwanzo. McKay naye kwa upande wake alikuwa akiona jambo hilohilo kwenye kiti chake kila siku: mgeni aliyehamia Colorado akiwa mtu mzima, mwenye meno yaliyokwisha kukomaa, hakupata doa hata akikaa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa au kuletwa mdogo alilipata. Kwa hiyo chochote kilicholeta doa kilimpata mtoto wakati meno yake ya ukubwani yangali yakitengenezwa ndani ya taya, na baada ya umri huo hakikuwa na nguvu tena ya kuyaharibu.

Kwa njia hiyo suala la kusugua likafungwa pia. Doa lililoingia jino likiwa bado halijaota haliwezi kutoka kama doa la tumbaku.

Jambo la pili halikuwa likitafutwa na mtu. Meno hayo yasiyopendeza, yenye enameli ambayo kwa hesabu zote ilipaswa kuwa dhaifu, hayakuwa yakioza kama yalivyotarajiwa. Black na McKay waliliona, likawashangaza, na wakaliandika bila kuwa na maelezo yake. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1916 katika jarida la Dental Cosmos, Black akiwa tayari kaburini. McKay akabaki na swali peke yake.

Alikuwa akishuku maji. Lakini kushuku maji ni rahisi. Tatizo ni kwamba kila maji yalipopelekwa kupimwa, majibu yalirudi na orodha ya kawaida ya chumvi na chokaa, hakuna kitu cha kutiliwa mashaka. Vipimo vya wakati huo vilitafuta vile tu ambavyo mkemia alikuwa amepanga kuvitafuta, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta floridi kwenye maji ya kunywa. Miaka ikapita. Taarifa zikaendelea kumfikia kutoka miji mingine yenye doa. Huko Italia, karibu na mji wa Naples, daktari mmoja wa Marekani alikuwa ameeleza meno ya namna hiyo tangu mwaka 1901 kwa wahamiaji waliokuwa wakisubiri kupanda meli, katika eneo lenye udongo wa volkano. Vipande vilikuwapo, lakini vilikuwa mbalimbali na hakuna aliyeviunganisha.

Mwaka 1923 McKay alivuka milima hadi kijiji cha Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi wa hapo walikuwa wameona meno mapya ya watoto wao yakiota na mabaka ya kahawia, na kina mama walikuwa na jambo la kumweleza ambalo hakulisikia kwingine. Walikumbuka tarehe. Kabla ya hapo watoto wa Oakley walikuwa na meno ya kawaida. Mabaka yalianza kuonekana baada ya kijiji kujenga bomba la pamoja lililoleta maji kutoka chemchemi ya maji ya moto, umbali wa takriban kilomita 8.

Colorado Springs haikuwa na kabla wala baada, kwani kila mtu alikuta doa lipo. Oakley ilikuwa na kabla na baada, na katikati yake palikuwa na bomba.

McKay aliyapima maji ya chemchemi. Kama kawaida, hayakuwa na kitu. Hapo alikuwa na hoja nzuri ya kurudi nyumbani na kusema kwamba sayansi haijathibitisha. Hakufanya hivyo. Aliwashauri wanakijiji waliache bomba lao, bomba walilolijenga kwa fedha zao, na kuvuta maji kutoka chemchemi nyingine ya jirani. Hakuweza kuwaambia wanakimbia kitu gani. Aliweza tu kuwaambia wanakimbia maji yapi.

Wanakijiji walimsikiliza, na hilo si jambo dogo. Kijiji kuacha mradi wa maji kwa sababu ya rangi ya meno ya watoto kinahitaji kumwamini sana mtu aliyefika kwa ushauri. Walibadilisha chanzo. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno ya ukubwani yasiyo na doa. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huo ulizuiwa, na aliyeuzuia hakujua jina la kilichousababisha.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru wanaweza kuielewa Oakley bila kuchorewa ramani. Huko nako miamba ni ya volkano, na maji hutofautiana mno kati ya kijito na kijito. Lipo eneo linaloitwa Maji ya Chai kwa sababu ya rangi ya mto wake, na floridi yake imekuwa mfano wa kutajwa kila panapozungumzwa habari hizi. Maziwa ya Momella yaliyo karibu yana kiwango kikubwa zaidi, ingawa hayo hayanywewi. Mahali ambapo floridi ni nyingi sana kwa miaka mingi haiishii kwenye meno. Huingia kwenye mifupa, na wapo watoto walioota miguu iliyopinda kwa sababu hiyo. Hata magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi yanaweza kuiongeza floridi chunguni, kutegemea yalikochimbwa.

Jibu la McKay lilitoka mahali ambapo hakupatafuta. Katika jimbo la Arkansas kulikuwa na mji uitwao Bauxite, uliojengwa na kampuni kubwa ya aluminiamu ya Marekani, ALCOA, kwa ajili ya wachimbaji wake. Watoto wa mji huo walikuwa na doa. Watoto wa mji mwingine uliokuwa kilomita 8 tu kutoka hapo hawakuwa nalo. McKay alikwenda huko pamoja na Grover Kempf, daktari wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, wakakuta hadithi ileile: doa lilikuja baada ya mji kubadilisha maji yake mwaka 1909 na kuanza kunywa ya visima virefu. Maji yakapimwa. Majibu yakarudi kama yalivyorudi siku zote.

Ripoti yao, hata hivyo, ilisomwa na mtu ambaye hakuwa na haja yoyote na meno. Harry Churchill alikuwa mkuu wa wakemia wa ALCOA kwenye maabara ya kampuni huko Pennsylvania, na wakati huo alikuwa na vita nyingine. Kulikuwa na watu waliokuwa wakidai hadharani kwamba sufuria za aluminiamu zinatia sumu kwenye chakula. Biashara ilikuwa hatarini. Sasa ripoti ikasema kwamba watoto wa mji wa aluminiamu wana meno ya kahawia, na sababu inasemekana kuwa maji. Churchill aliona jinsi habari hiyo ingetumiwa.

Kwa hiyo aliagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa namna ambayo hayajawahi kupimwa. Hakutaka orodha ile ya kawaida. Alitaka kifaa cha kisasa kinachochoma sampuli na kusoma mistari ya mwanga wake, ambacho huonyesha kila kilichomo, kiwe kimetafutwa au la. Msaidizi wake alirudi na jibu kwamba maji yana floridi nyingi. Churchill hakuamini, alidhani chombo kimechafuliwa, akaagiza sampuli mpya na kipimo kirudiwe. Jibu likawa lilelile: miligramu 13.7 za floridi katika kila lita.

Januari 1931 alimwandikia McKay barua kumpa habari hiyo, na kumwomba amtumie maji ya miji mingine yenye doa. McKay alikusanya chupa na kuzituma. Katika miezi michache majibu yalikuwa mezani: palipo na doa, pana floridi nyingi kwenye maji. Colorado Springs ilikuwamo. Miamba ya Pikes Peak ina madini yenye floridi, na maji ya mlimani yalikuwa yakiiyeyusha kidogokidogo na kuileta kwenye mabomba ya mji. Mwaka huohuo watafiti wa jimbo la Arizona, wakiongozwa na mwanamke, Margaret Cammack Smith, walifika hapohapo kwa njia yao wenyewe, kwa kuwapa panya maji ya eneo lenye doa na kuyaona meno yao yakiharibika.

McKay alikuwa na umri wa miaka 56. Alikuwa amelifuata doa tangu akiwa na miaka 27, na mwisho wake ukaletwa na kampuni iliyokuwa ikilinda sufuria zake. Haijulishi kama lilimuuma. Alichofanya kinajulikana: alizidi kulisukuma lile jambo la pili, la meno yenye mabaka kutooza, ambalo alikuwa ameliandikia tena mwaka 1928, kabla hata ya kujua kwamba floridi ipo.

Kazi ya kupima kiasi ilichukuliwa na Trendley Dean, daktari wa meno wa serikali ya Marekani. Dean alikuwa mtu wa hesabu. Alipanga mabaka kwa madaraja, kuanzia jino la kawaida hadi lililoharibika sana, akawa na mkemia aliyeweza kupima floridi hata ikiwa chembe, akazunguka nchi. Mwaka 1942 alikuwa na hesabu za watoto 7,257 wa umri wa miaka 12 hadi 14 kutoka miji 21. Ilionekana kwamba kwenye miligramu 1 kwa lita, meno yaliyooza yalipungua sana na mabaka hayakuonekana isipokuwa kwa mtu anayetafuta. Juu ya hapo faida haikuongezeka sana, na mabaka yakaongezeka.

Tarehe 25 Januari 1945, mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floridi kwenye maji ya bomba kwa makusudi. Watoto wa shule wapatao 30,000 walifuatiliwa. Baada ya miaka 11, meno yaliyooza kwa watoto waliozaliwa baada ya mpango kuanza yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Ugomvi nao ulianza upesi, kwa sababu kutia kitu kwenye maji ya watu wote si sawa na kumtibu mgonjwa aliyekuja mwenyewe, na ugomvi huo haujaisha hadi leo.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye chumba cha daktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Basil Bibby na baadaye John Knutson walijaribu kuipaka floridi moja kwa moja kwenye meno ya watoto. Knutson alipanga utaratibu ulioenea sana: meno husafishwa na kung'arishwa kwa unga wa mawe, hukaushwa, kisha hupakwa maji ya floridi ya sodiamu ya asilimia 2. Mpako ulirudiwa mara nne, wiki kwa wiki, na meno yalisuguliwa mara ya kwanza tu. Ratiba ilifuata umri wa meno kuota: miaka 3, 7, 10 na 13. Vanishi ilikuja baadaye, miaka ya 1960, kutoka Ujerumani. Faida yake ni kwamba hunata, kwa hiyo mtoto hameza kidogo sana.

Utaratibu huo uliwafanya watu wengi waamini kwamba ni kung'arisha ndiko kunakolinda meno. Sivyo. Kung'arisha huondoa madoa na utando, na humwezesha daktari kuona vizuri, lakini pia huondoa tabaka jembamba sana la juu la enameli, lile lililojaa floridi. Ndiyo maana aliyeng'arishwa hupakwa floridi baada yake. Utafiti wa baadaye ulionyesha hata kwamba jeli hufanya kazi vilevile kwenye meno yaliyopigwa mswaki tu.

Utafiti huohuo wa baadaye ulisahihisha jambo moja ambalo kizazi cha McKay kililiamini. Walidhani floridi hulinda kwa kuingia ndani ya jino linalojengwa, kwa njia ileile inayoleta doa. Sasa inafahamika kwamba kinga yake kubwa iko juu ya jino lililokwisha kuota. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, asidi hunyonya madini ya enameli, na floridi iliyopo kwenye mate na juu ya jino husaidia madini hayo yarudi, tena yakiwa magumu zaidi kuyeyuka. Kwa hiyo mtoto halazimiki kunywa floridi nyingi ili meno yake yalindwe. Kwa familia ya Nakuru au Arusha tofauti hiyo ina uzito: maji ya kunywa yapunguzwe floridi, na meno bado yapigwe mswaki kwa dawa yenye floridi, mtoto akisimamiwa ateme asimeze.

Kupunguza kwenyewe si rahisi. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, floridi hubaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu maeneo mengine hayakuwa na maji yaliyo chini ya hapo, kabla ya kushuka hadi 1.5. Kituo cha Ngurdoto, jirani na Arusha, kimefanyia kazi vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi kuwa kama mkaa, ambayo huinasa floridi, na Nakuru nako njia hiyo imetumika. Wengine wamefanya walichofanya Oakley: kuacha chanzo kimoja na kwenda kingine.

McKay alifariki mwaka 1959, akiwa amepita umri wa miaka 80. Aliishi vya kutosha kuona miji mikubwa ikipima floridi kwenye maji yake, na dawa ya meno yenye floridi ikiuzwa madukani Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Wale watoto wa Oakley waliootea meno yao kwenye maji ya bomba la kwanza, mwaka huo walikuwa watu wa makamo, wengine wakiwa na watoto wao wenye meno meupe. Wao wenyewe bado walikuwa na doa.